Injini Aonekana Akitembea kwa Miguu

Redio ya Oktavia, muuza chai, ndiyo iliyowasha moto. Mtangazaji alisema wataalamu wa afya wanawashauri wananchi wapunguze chumvi, sukari na mafuta, na watembee angalau nusu saa kila siku, ili kujikinga na presha, kisukari na kiharusi. Pale Makambako, kwenye mabenchi ya chai yanayopakana na ghala la mbao, baridi ilikuwa inang'ata na kila mtu alikuwa amekikumbatia kikombe chake.

"Wameanza," alisema Methusela, mchoma nyama ya nguruwe ambaye mji mzima humwita Kitimoto. "Juzi pombe, leo chumvi. Kesho watatuambia tupunguze kupumua."

"Punguza siyo acha," alijibu Silvanus, mwalimu mstaafu, ambaye kijiweni cheo chake ni Profesa. "Kinga ni bora kuliko tiba."

"Profesa, babu yangu kule Iwawa kala mafuta ya nguruwe tangu anaota meno. Kafa ana miaka tisini na mbili, tena hakuugua. Kaanguka kutoka juu ya mti akichuma peasi."

"Babu yako alikuwa anapanda milima na gunia la viazi mgongoni. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kigoda ugeuze nyama. Ukipiga hesabu, nyama inafanya mazoezi kukuzidi."

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Laurenti. Huyu ni dereva wa bodaboda, na jina lake la kijiweni ni Injini, kwa sababu kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Hata kwenda choo cha sokoni, hatua sitini tu, alikuwa anapiga kiki. Siku hiyo aliinamia kikombe chake akiomba kimoyomoyo mazungumzo yahamie kwenye mpira.

Hayakuhamia.

"Injini, mbona sukari hujaweka?" aliuliza Oktavia, birika mkononi. "Siku ya nne hii."

"Jino linaniuma."

"Na maandazi umeyasusa kwa jino hilohilo?"

"Hilo siyo jino," Kitimoto alidakia, akasogea mbele ya benchi. "Mimi nilikuwa nimenyamaza, ila mmenichokoza. Kuna mtu anaonekana barabara ya Mahongole alfajiri, siku tatu mfululizo. Yuko kwa miguu, kofia ya sufu kaishusha mpaka kwenye nyusi, anakwenda mbiombio kama kaiba kuku. Nikamtazama vizuri. Injini."

"Mahongole kuna nini?" aliuliza Profesa.

"Hapo sasa. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa anaiacha pikipiki nyumbani isipige kelele, anasusa maandazi ili kitambi kipungue. Huyo hana jino. Ana mtu."

Laurenti alihisi masikio yanapata moto. Ukweli ulikuwa mfukoni mwa jaketi lake. Wiki tatu nyuma alimpeleka abiria kwenye zahanati, akaona watu wanapimwa presha, naye akakaa kwenye kiti kwa kufuata mkumbo. Mashine ikasoma mia na themanini kwa mia na kumi. Nesi akaita daktari. Akapewa vidonge, akaambiwa na chumvi aiogope. Hakumwambia mtu, mkewe Zita ndiyo kabisa. Tarsis, kaka yake Laurenti, alianguka kwa kiharusi shambani mwaka jana na hakuinuka tena. Tangu siku hiyo Laurenti akipiga chafya tu, Zita anashtuka. Akaamua aishushe kwanza presha, halafu ndipo amsimulie kama habari iliyokwisha.

"Lisemwalo lipo," Kitimoto aliendelea. "Na shemeji nimeshamdokeza jana. Siri mimi hunivimbisha tumbo."

"Umemdokeza nani?" Laurenti aliuliza.

Jibu lilikuwa linavuka barabara, kitenge kimefungwa fundo la vita.

"Kamwene," alisalimu Zita. Wote wakaitikia kwa sauti ndogo. "Baba Kristina, Mahongole kuna nani?"

Laurenti alitaka kusema jino. Akayaona macho ya mkewe yalivyo mekundu, ya mtu asiyelala. Akatoa karatasi ya zahanati na vidonge, akaviweka juu ya benchi.

"Kuna hii, Mama Kristina. Presha. Niliogopa kukwambia kwa sababu ya kaka Tarsis."

Zita alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Mficha maradhi..." alianza Profesa.

"Mwalimu, kunywa chai," alisema Oktavia.

"Wiki tatu natia chumvi kwenye mboga," Zita alisema hatimaye, "na wewe unakula, umenyamaza?"

"Nilikuwa nakula kidogo. Nyingine nampa paka."

"Ndiyo maana paka kanenepa." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kesho tunatoka wote." Kisha akageuka. "Na wewe shemeji, uliyeniletea habari za mwanamke. Saa kumi na mbili uwe mlangoni kwetu."

"Shemeji, asubuhi mimi nina nguruwe."

"Si ameshakufa? Hana haraka."

Kesho yake walitoka watatu. Zita, aliyekulia kwenye miteremko ya Makete, alitangulia kama anayewahi mnada. Laurenti akafuata, pumzi ikimtosha kuliko alivyotarajia. Nyuma kabisa alikuja Kitimoto, akihema kama mvukuto wa mhunzi. Kabla hawajafika Mahongole alijitupa juu ya jiwe kando ya barabara, ukungu umemzunguka, akashika magoti.

"Nimekubali," alisema. "Hakuna mwanamke wa kumtoa mtu kitandani aje huku kwa miguu. Nilikusingizia, ndugu yangu. Sasa fanya ubinadamu, nirudishe kwa pikipiki."

Laurenti alimshika mkono, akamwinua taratibu.

"Pikipiki iko nyumbani," alisema. "Twende tukaichukue."