Hotuba ya Kifaranga

Asubuhi ile habari iliyokiwasha kijiwe cha kahawa ilitoka chekechea: watoto wamemzika kifaranga, tena kwa hotuba.

"Kwa hotuba?" Kiberiti, kinyozi asiyejua kuongea polepole, alipaliwa na kahawa. "Mjomba wangu alizikwa bila hotuba!"

"Ndio mradi wao," alisema Fundi Sindano, mshona nguo, ambaye binti yake yuko darasa lile. "Walitunza mayai, yakaanguliwa, kifaranga mmoja kafa. Mwalimu anasema somo la uhai ni hilo hilo. Wanajifunza kwa kutenda."

"Kwa kutenda! Na somo la moto je, watachoma shule?"

"Sisi tulifundishwa kwa fimbo, tukaelewa," alidakia Breki, fundi wa magari.

"Ulielewa nini?" Kiberiti alimuuliza.

"Kukimbia."

Watu mbavu hawana. Fundi Sindano peke yake hakucheka. Tangu jana jambo lilikuwa limemkaba, na lilimuuma kweli.

"Kila mtoto alisema jema moja la marehemu. Wangu kasema, 'Akiona punje alikuwa anaita wenzake.' Basi jana kaniuliza: 'Baba, na wewe ukifa niseme nini?'"

"Toba!" Breki alishtuka. "Si ungemtandika?"

"Kauliza kwa mapenzi, bwana. Nikamwambia nitamjibu leo akirudi. Haya, nyie ndio mnanijua. Nimwambie nini?"

Breki alikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Sema... hukosi hapa," Kiberiti alijaribu. "Mvua, jua, wewe upo."

"Hata siku mkeo anajifungua ulikuwa hapa hapa!" Breki aliongeza kwa fahari.

"Hilo nalo jema?"

"Si uaminifu huo, ndugu yangu?"

"Kwa benchi?"

Fundi Sindano aliona aibu. Kifaranga wa siku chache tu, lakini kamzidi. Akasimama.

"We, unakwenda wapi? Kikombe kimejaa!"

"Sare ya pili ya mwanangu imefumuka bega tangu muhula uanze. Imelala chini ya nguo za wateja. Nakwenda kuishona kabla hajarudi, walau apate la kusema."

Akaondoka bila kuaga. Breki akamgeukia Kiberiti.

"Wako si yuko darasa hilo hilo? Mbona nywele zake zinafunika masikio, na baba kinyozi?"

Kiberiti alimeza kahawa yote kwa mkupuo mmoja, akavaa kandambili na kutokomea.

Breki alivuta kikombe cha Fundi Sindano kwake, akakimaliza, akajinyoosha benchi zima, akamwambia muuza kahawa:

"Wangu bado ananyonya. Mimina."