Nani Awe Pete Namba Mbili

Mtandao wa Kibaha na Kisarawe niliutengeneza mimi, Mwanaasha binti Kibwana, darasa la saba, kwa akili yangu mwenyewe. Haya, niseme ukweli kabla hamjauliza: nilikuwa napita na birika la chai. Lakini nilipita kwa wakati wake, na ofisini kupita kwa wakati wake ndiyo kazi yenyewe.

Jumatatu ile ofisi yetu ya Uratibu wa Mipaka ya Mashamba, hapa Kibaha, ilitoa tangazo kubwa. Lilibandikwa mlangoni kwa gundi, kisha likapigiliwa misumari, ili gundi isijione peke yake: "Umma unaarifiwa kuwa imeundwa Kamati ya Kitaalamu ya Kushughulikia Ukimya baina ya Mtambo wa Kibaha na Mtambo wa Kisarawe. Wananchi wanaombwa waendelee kusubiri kwa amani na mshikamano." Mwenyekiti ni Mkurugenzi wetu, Bwana Ponsiano. Mtu makini sana. Hata akitaka kupiga chafya huangalia kwanza kama utaratibu unaruhusu.

Mitambo yenyewe ni ya siku nyingi. Wafadhili walituletea mwaka ule ambao kwao walikuwa wanaitupa. Daftari la mali linasema ni mipya, na hakuna afisa mwenye mamlaka ya kuizeesha. Inafanya kazi hivi: kompyuta za ofisi moja zimeungwa kwa duara, mafundi wanaliita pete, na humo kuna kijiti kimoja kinazunguka. Aliyeshika kijiti ndiye anayesema, wengine kimya. Ni kama maiki kwenye kikao cha harusi, ila kompyuta ikimaliza kusema inarudisha maiki. Kibaha tuna pete yetu, Kisarawe wana yao, na katikati kuna daraja la kuvushia habari. Wiki tatu nyuma umeme ulikatika, kila ofisi ikajiandikia upya mambo yake kwenye mtambo, na tangu hapo hakuna kilichovuka.

Ukimya huo ukamkuta Tunu. Huyu ni mkulima wa Maneromango, mjane, ana ekari nne za mihogo na mikorosho, na kaburi la mumewe limo humo humo. Ramani ya shamba imo ndani ya mtambo wa Kisarawe. Daftari la wenye mashamba liko Kibaha. Mpaka Ijumaa saa tisa alasiri ramani iwe imeshafika kwetu, la sivyo shamba linaandikwa "pori lisilo na mwenyewe" na kupewa mchimba kokoto, ambaye greda lake limeshaegeshwa kwa jirani.

Tunu hakuwa mjinga. Alikuja na ramani yake mkononi, ina mhuri wa Kisarawe, ameikunja vizuri ndani ya kanga.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mkurugenzi. Kwa umri angeweza kumzaa, lakini shida haina umri.

"Marahaba," Mkurugenzi akaitika bila wasiwasi.

"Ramani ndiyo hii."

"Mama, hii siioni."

"Nikusogezee dirishani?"

"Kwa macho naiona. Kiofisi siioni. Kitu kilichobebwa kwa mkono ni uvumi mpaka mtambo useme."

Tunu akanigeukia. "Mwenzangu, miye nimetoka Maneromango na uvumi wenye mhuri?"

Nikamwonyesha benchi la nyuma ya mlango, pale pale ulipo mtambo, nikampa chai. Ndicho kitu pekee ofisini kwetu kinachotolewa bila fomu.

Jumanne akaja fundi Laurensia kutoka Misugusugu. Alipiga magoti mbele ya mtambo nusu saa nzima, akainuka na vumbi puani.

"Nimeuona ugonjwa. Pete zote mbili zimeandikwa namba moja."

"Vizuri," Mkurugenzi akasema. "Inaonyesha ubora."

"Hapana, bosi. Habari ikitoka Kisarawe inajiandikia usoni namba ya kila pete iliyopitia. Ikifika darajani inaona mbele kuna pete namba moja, inasema, si ndiko nilikotoka huko? Inafia hapo hapo. Mmoja wenu awe namba mbili. Dakika tano tu."

Mkurugenzi akavua miwani.

"Nani awe mbili?"

Simu ikapigwa Kisarawe, kwa Mratibu wao, Bwana Hamidu, spika wazi ili kamati isikie.

"Ponsiano," sauti ikatoka, "Kisarawe ilikuwa boma wakati Kibaha ni nyasi."

"Ndugu yangu, Kibaha ni makao makuu ya mkoa."

"Makao makuu yalikuja kwa lori. Sisi mlitukuta."

Kamati ikajifungia mpaka Jumatano jioni. Lilitolewa pendekezo la kupokezana, huyu awe moja mwanzo wa wiki na yule mwisho wa wiki, lakini huko katikati kila mtu akataka Jumatano. Likatolewa lingine, kwamba Kisarawe iitwe Moja na Kibaha iitwe Moja Mwandamizi. Laurensia akaeleza kwamba mtambo haupokei maneno, unapokea namba tupu. Wajumbe wakasikitika sana kwa jinsi mtambo usivyojua itifaki. Azimio lililopita kwa kura zote lilikuwa soda.

Muda wote huo Tunu yuko kwenye benchi.

"Dada Mwanaasha, kwani hawa wanagombea nini?"

"Kila mmoja hataki kuwa wa pili."

"Ala! Miye nilikuwa mke wa pili miaka ishirini na sita, na shamba nikaachiwa miye."

Alhamisi asubuhi ukaingia waraka kutoka juu. Juu ni wapi, sisi wa chini hatuulizi. Waraka ulisema: "Ofisi itakayokubali kwa hiari kuwa Namba Mbili itasifiwa kwa jina mbele ya Mkaguzi Mkuu siku ya Ijumaa, kama kielelezo cha unyenyekevu katika utumishi."

Mkurugenzi aliusoma akiwa amesimama. Hakuketi tena mpaka alipomwamuru Laurensia aifanye Kibaha kuwa namba mbili, na asithubutu kuirudisha moja. Tukasubiri. Kimya. Laurensia akapiga simu kwa mwenzake wa Kisarawe, akasikiliza, akakaa chini sakafuni.

"Bibi," akaniambia, "na wenyewe wamekuwa mbili. Saa hiyo hiyo."

Mkurugenzi akanyakua simu. "Hamidu! Umeniibia unyenyekevu!"

"Mimi mnyenyekevu kuliko wewe tangu kuzaliwa, na mkoa mzima unajua!"

"Rudi kwenye moja!"

"Siwezi kujikweza, ndugu yangu. Dini hairuhusu."

Ikafika Ijumaa. Kamati ilikuwa chumbani kwa Mkurugenzi inamsikiliza akijizoeza kusifiwa: aanze kuinamisha kichwa, au aanze kutabasamu kwanza. Saa nane na nusu Tunu akapigiwa simu na jirani yake. Greda limeshawashwa, dereva anaisubiri saa tisa kama mfungaji anavyosubiri adhana. Tunu hakulia. Alikaza tu ile kanga kiunoni, akakaza tena, mpaka nikaona atajikata.

Ndipo nilipopita na birika.

"Laurensia mwanangu, baada ya mbili namba zimekwisha?"

"Zipo kibao, Bibi. Nilichokatazwa ni kuirudisha moja."

"Basi mnyenyekeze Mkurugenzi mpaka mwisho. Tia tisini na tisa. Huko hakuna atakayekuja kugombea."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mlango ulikuwa wazi siku zote. Akainama kwenye mtambo. Mimi nikaenda chumbani kwa Mkurugenzi, nikaziba mlango kwa mwili wangu, ambao kwa kuziba haujambo, nikaanza kuwaongezea chai. Waliosema wametosheka niliwamiminia hivyo hivyo.

Mashine ya kuchapia ikakohoa, ikatoa ramani ya Tunu. Mstari wa juu ulionyesha njia iliyopita: imetoka Pete ya 2 Kisarawe, imevuka daraja, imeingia Pete ya 99 Kibaha. Karani wetu wa daftari, Badru, hakusubiri kikao. Alifungua daftari, akaandika jina, akagonga mhuri, saa tisa kasoro dakika kumi. Tunu akahesabu mikorosho yake kwa kidole, mmoja mmoja, ndipo akapiga simu.

"Mwambieni huyo dereva azime."

Mkaguzi Mkuu, Bi Eugenia, aliingia akatukuta tunacheka. Akaiomba ile karatasi aitazame. Mkurugenzi akatokeza mbio, kikombe mkononi, na alipoona ramani imefika akainamisha kichwa kama alivyojizoeza.

"Mheshimiwa, jana asubuhi, kwa mikono yangu hii, niliishusha Kibaha ikawa namba mbili. Hiyo unayoiona ni matunda."

Bi Eugenia akavaa miwani. "Hapa naona Kibaha ni tisini na tisa."

Mkurugenzi akainama zaidi. "Ndiyo, Mheshimiwa. Mbili niliona bado ina majivuno."

"Uliibadilisha mwenyewe? Hukusaidiwa na fundi?"

"Fundi wa nini, Mheshimiwa? Mtambo huu naujua kama kiganja changu."

"Nionyeshe basi ulipobonyeza."

Mkurugenzi akatembea kwa kujiamini, mwendo wa mtu anayepigwa picha, mpaka kwenye kabati la chuma kando ya dirisha. Akafungua milango yote miwili. Ndani mlikuwa na chupa tatu za chai, kopo la sukari, pakiti ya majani na kandambili zangu.

Alipangusa kopo la sukari kwa kiganja.

"Ni wa zamani," akasema, "lakini tunautunza."

Tunu akakunja ramani yake, akaitia kifuani.

"Baba, hilo la sukari. Mtambo uko huku nyuma ya mlango. Nimekaa nao siku tano, na wewe sijakuona ukiusogelea hata mara moja."