Bunge la Dilala Lapiga Marufuku Sindano

Sisi wa benchi la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, hapa mtaani Dilala, ni bunge lisilo na mshahara. Kura tunapiga kwa kikombe: ukiunga mkono sheria, unakipindua mezani. Kikishapinduka, sheria imepita, na hata aliyeileta haruhusiwi kuigusa. Nchi ngapi zina katiba safi hivyo?

Jana redio ya Mama Josée, mwenye munkoyo, ilituletea habari ya Ulaya. Serikali moja imezuia dawa za kusimamisha ubalehe kwa vijana wasiojitambua kuwa wa jinsia waliyozaliwa nayo. Wanasiasa wanararuana, madaktari wanabishana, wazazi wanalia pande zote mbili.

"Mutoto wa miaka kumi na mbili anachagua yeye mwenyewe?" akafoka Polycarpe, karani mstaafu wa mgodi, tunayemwita Honorable. "Mi ku miaka ile nilitaka kuwa padri. Leo niko na bibi mbili!"

"Tata, wewe njo ulikuwa wa kusimamishwa!" akadakia Stany wa taxi-moto, dereva wa pikipiki tunayemwita Bila Frein, yaani bila breki.

"Sasa nani anaamua?" nikauliza. "Mutoto, mama yake, docteur, ao ministre?"

"Ministre? Mashimo ya barabara inamushinda, ataweza mwili ya mutoto?" akajibu Stany.

"Docteur njo mwenye kuamua," akasema Guelord, muuza dawa, tunayemwita Docta.

"Docteur wa kweli. Hapana wewe!" akamkata Honorable.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Redio ikaongeza: sheria hiyo haiwagusi watoto wadogo ambao miili yao inabalehe kabla ya wakati. Hao wataendelea kupata dawa hizo hizo, kwa sindano.

Honorable akaruka wima. "Munaona? Loi yao, sheria yenye matundu! Yetu itafunga kabisa. Hakuna exception, hata moja! Docta, unaapa hautaleta ile sindano toka Zambia?"

Docta, ambaye kila mwezi huvuka mpaka wa Kasumbalesa kununua dawa Zambia, akapindua kikombe. Honorable akapindua. Stany akapindua, nadhani kwa sababu kilikuwa kitupu. Na mimi, nasema kwa aibu, nikapindua.

Mama Josée akazima redio. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi ya hospitali.

"Docta, tangu asubui nakungojea wewe. Abigaëlle, mujukuu yangu, iko na miaka sita. Kifua inaanza kuota. Ku masomo banamucheka, leo alikataa kuvaa uniforme. Docteur aliandika ile sindano. Hapa hakuna. Alisema ikitoka Zambia tumupelekee, yeye njo atachoma. Na safari yako ni kesho."

Abigaëlle tunamjua sote. Yeye ndiye aliyembatiza Stany jina la Bila Frein. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mama, siye tulikuwa tunasema juu ya batoto ba Ulaya," Honorable akanung'unika.

"Na bale pia beko na ba mama."

Docta akainua kikombe chake, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Katiba ikavunjika hapo hapo. Stany akainua chake: "Docta, kesho asubui nakupeleka ku bisi ya Zambia, bure." Nami nikainua.

Kikabaki kimoja.

"Lakini procédure inasema..." Honorable akaanza. Akamtazama Mama Josée usoni, akaiacha procédure hapo. Akainua kikombe, akakinyoosha apewe munkoyo kama wenzake.

Mama Josée akajaza vyetu, kimoja kimoja. Alipofika kwa Honorable, akakichukua kikombe, akakifuta vizuri, akakiweka juu ya kabati, mbali na mkono wake.

"Na mi?"

"Yako tunaisimamisha kwanza, Honorable. Haitaharibika. Siku utakomaa, tutaendelea."