Mshale wa Valvu na Chai ya Wakwe

Jumatatu, 15 Julai 2024
Chai ya leo ilikuwa na ladha ya ng'ombe! Stephania, mke wangu, akauliza kama nimehamishia mifugo jikoni. Nikachunguza. Zizi liko juu, jiko liko chini, na bomba linaingilia sakafuni mwa birika la kunyweshea ng'ombe (ubunifu wangu). Maji ya mjini yakikatika, msukumo unaisha, ya birika yanateremka hadi jikoni. Dawa: valvu ya kuzuia maji kurudi. Ndani ina kilango kinachofunguka upande mmoja tu. Stephania akataka aitwe fundi Maganga. Maganga! Nilimfundisha fizikia, akapata tisa kwa mia. Hapana. Jumapili wakwe watarajiwa wa mjukuu wetu Milembe wanakuja kutoka Mwandoya. Chai lazima iwe safi.

Jumatano, 17 Julai
Nimefunga mwenyewe, kwenye bomba la birika. Maganga alipita, akaniamkia vizuri, akauliza kama nimetazama mshale ubavuni mwa valvu. Nikamwambia mshale ni wa wasiojua fizikia. Akasema haya, Mwalimu.

Ijumaa, 19 Julai
Ajabu. Jikoni maji tele, birikani hata tone. Ng'ombe wananitazama kama wazazi siku ya matokeo. Presha ndogo, bila shaka. Stephania alipokwenda kwaya nikajaza birika kwa ndoo. Ndoo arobaini! Asijue. Mgongo wangu!

Jumapili, 21 Julai
Maji ya mjini yakakatika saa tatu. Wakwe wakafika saa nne. Stephania akafungua bomba, likatoa. Nikajisifu. Majani ya chai yakaficha rangi; ladha, hata tangawizi haikuiweza. Mzee Bundala, babu wa mchumba wa Milembe, akaonja, akaweka kikombe chini. Milembe machozi yakamlenga. Nikaanza kueleza habari za kilango. Bundala akanikatiza: wengi hudai wana ng'ombe, hapa amewaonja. Chai imemshinda, lakini binti wanamtaka.
Milembe akanikumbatia. Stephania bado.

Jumatatu, 22 Julai
Maganga amekuja, ameigeuza valvu. Mshale, unaoonyesha maji yaendako, ulielekea jikoni: nilikuwa nimewafungia ng'ombe maji na kuwafungulia wakwe birika. Malipo akakataa. Akasema leo amerudia ule mtihani.
Kijana mzuri. Ila mshale wenyewe ni mdogo mno, kosa la kiwanda. Nimempigia Mzee Bundala. Naye ana birika. Jumamosi nakwenda Mwandoya kumfungia valvu, mwenyewe. Maganga asiambiwe.