Marehemu Anaomba Kusema

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepata nafasi katika filamu inayopigwa ukumbini mwa mji wetu. Mimi ndiye marehemu. Ninalala ndani ya jeneza juu ya meza ya matanga, waombolezaji wanakunywa bia, na matonge ya unga yaliyoletwa pamoja na nyama yanashuka sahanini yenyewe na kunila, kuanzia miguuni. Watu ni wa kweli. Matonge husogezwa kidogo kwa koleo, ikapigwa picha, yakasogezwa tena. Picha ishirini na nne ni sekunde moja tu! Dada yangu Otylie, ninayeishi naye, amesema kazi imempata mwenyewe: "Kulala bila kufanya lolote, kaka, unajifunza tangu ulipostaafu ukatibu." Uso wangu mimi, Bohumír Vrtílek, utaonekana na mji mzima.

Jumanne, 4 Novemba
Dosari kubwa katika mswada. Marehemu hana neno hata moja! Kočvara, fundi bomba wa ghorofa ya juu, anayeigiza mjomba mlevi, ana sentensi tisa. Nimemwandikia mwongozaji, Bi Pařízková: "Kwa heshima na taadhima, mwombaji, akiwa ndiye maiti tajwa hapo juu, anaomba kuruhusiwa kutamka sentensi moja kabla ya kuliwa kifua." Nakala tatu. Nimezigonga muhuri wa duara niliochongesha mwenyewe, kwani bila muhuri karatasi ni karatasi tu.

Jumatano, 5 Novemba
Bi Pařízková alisoma ombi akiwa amesimama. Akauliza, "Bwana Vrtílek, umekufa au hujafa?" Nikajibu kwamba kwa mujibu wa mswada nimekufa. "Basi kufa vizuri." Jibu halikutolewa kwa maandishi, hivyo sikulitambua. Badala yake nilifungua midomo kidogo kidogo, picha baada ya picha, kama yanavyofanyiwa matonge. Kwa saa sita nilitamka, bila sauti, neno "Ninapinga".

Alhamisi, 6 Novemba
Picha za jana zimetazamwa mbele ya wote. Sionekani nikipinga. Ninaonekana nikitafuna. Tonge moja linapita kidevuni, halafu halipo! Nakiri kwamba lilikuwa karibu sana, na kwamba sikuwa nimekula mchana. Kočvara alishika meza kwa kicheko: "Maiti ana njaa, jamani! Mleteeni haradali!" Bi Pařízková hakucheka. Kazi ya siku nzima imeharibika. Nikitikisika tena, nje.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimewasilisha malalamiko kwamba Kočvara anakunywa bia halisi kazini. Yamekubaliwa! Kuanzia saa tatu alinyweshwa maji ya rangi. Alinitazama ndani ya jeneza na kusema kwa upole, "Pumzika kwa amani, Bwana Katibu." Sikutambua kwamba alikuwa amenyunyiza pilipili manga kwenye ukosi wangu. Saa tano nilipiga chafya. Matonge arubaini yaliruka, moja likatua kwenye kamera.
Nimefukuzwa.

Jumatatu, 10 Novemba
Kikaragosi cha mbao na nta kimelazwa mahali pangu. Kina uso wangu, hata chunjua. Hakipumui. Bi Pařízková amekipenda mno hata amekipa sentensi! Matonge yanapofika shingoni, kinafumbua jicho na kusema, "Chumvi haijakolea." Sauti ni ya Kočvara. Sasa ana sentensi kumi. Otylie alikwenda kukiona, akarudi akisema tumefanana sana, ila chenyewe kina adabu.

Jumanne, 11 Novemba
Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Anayedhulumiwa hapa si mimi. Ni kikaragosi! Kinaliwa kila siku, kinasemewa na fundi bomba, na hakina uwezo wa kuandika. Kwa hiyo nimejiteua kuwa katibu wake. Ombi lake la kwanza limekamilika asubuhi hii: kinadai hotuba ya kurasa mbili, na kisiliwe kabisa. Otylie ameuliza kama chenyewe kina habari. Nimemweleza kwamba kitajulishwa kwa barua.