Kimo cha Daraja la Inama

Wananchi wote, wenye magari na wanaotembea kwa miguu, walitangaziwa kwamba malori kugonga daraja la Inama sasa basi. Ufumbuzi wa kudumu umepatikana. Kamati iliyokaa siku kumi na nne, na kunywa chai siku zote kumi na nne, ilibaini kuwa daraja halina kosa lolote. Wenye kosa ni madereva wachanga.

Tangazo lilisainiwa na Bwana Sadalla, Kaimu Mkurugenzi wa Ofisi ya Uratibu wa Vimo na Mapito. Hilo neno Kaimu lilimganda miaka sita, jamani, kama kupe. Hata mkewe harusini alitambulishwa kama mke wa Kaimu. Sasa wakubwa walikuwa wamemnong'oneza: Mgeni Rasmi anakuja Ilala kuzindua kampeni ya madereva, na siku hiyo ikienda vizuri, ukaimu unaondoka. Sadalla hakutaka kitu kingine duniani.

Inama ni daraja la reli, upande wa kuelekea Mchikichini. Bango lake jipya linasema MITA NNE, na chini yake kuna saini ya Kaimu Mkurugenzi, kubwa kuliko hizo mita. Mwezi ule malori sita yalikwama hapo. La saba lilikuwa la Ignasi, kijana wa Songea, leseni bado inanukia upya, amebeba marobota ya mitumba. Kamati ikamwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bango uliliona?" aliuliza Sadalla.

"Nililiona. Mita nne. Lori na mzigo ni mita tatu na sentimita themanini."

"Sasa uligongaje?"

"Ndilo nililokuja kuuliza, mzee. Labda mngelipima daraja."

Kamati nzima ikaguna. Kulipima daraja! Sadalla alimweleza kwa upole, maana ni muungwana, kwamba kimo cha daraja kimo kwenye jalada, na kilichomo kwenye jalada hakipimwi.

Mama Klara, muuza chai na chapati pale pembeni ya daraja, alikuwa amekuja kama shahidi. Hakuitwa, alikuja tu.

"Baba, daraja halijashuka, barabara ndiyo imepanda," alisema. "Kila akija mkubwa mnamwaga lami juu ya lami. Zamani nilipanda ngazi mbili kuingia kwangu. Leo nashuka."

Iliandikwa kwamba shahidi ana matatizo ya ngazi.

Papo hapo ikapitishwa Kanuni ya Tisa, kazi ya mkono wa Sadalla mwenyewe. Gari likigonga daraja, mwenye dhamana kamili ya gari hilo atasimama chini ya daraja siku saba, shingoni kavaa ubao wenye maneno NINGALI MCHANGA, akiwaonya wenzake. Ignasi akafungua pazia. Akasimama na ubao wake na kitambaa chekundu, makondakta wakimzomea, na kila jioni Mama Klara akimpa chapati bila kumdai.

Siku ya uzinduzi ikafika. Kwa kuwa anakuja mkubwa, usiku ule barabara iliwekewa lami mpya, nzuri, nene. Ofisi ilitoa lori lake lenye jukwaa na upinde wa maua, mita tatu na sentimita sabini, limepimwa mara tatu. Usukani alikabidhiwa Severine, dereva mwenye miaka thelathini na moja kazini, asiye na mkwaruzo hata mmoja. Sadalla na Mgeni Rasmi wakapanda mbele pamoja naye. Lori likatambaa taratibu, ngoma zikilia.

Ignasi akaruka katikati ya njia. "Simameni! Haipiti hiyo!"

Severine akakanyaga breki. "Bosi, hata mimi naona kama haipiti."

"Bango linasema mita ngapi?" aliuliza Sadalla.

"Nne."

"Basi twende. Yule mchanga, huoni ubao wake?"

Lori likaenda. Upinde wa maua ukalia krrrak, jukwaa likajikunja, na lori likanasa kama kizibo, mbele haliendi, nyuma halirudi. Hakuna aliyeumia, ila heshima. Ilala nzima ilicheka, na wengine walilia kwa kucheka.

Ignasi hakucheka. Alizunguka lori akipunguza upepo wa tairi, moja baada ya jingine, mpaka likashuka likatoka kinyumenyume. Kisha akauvua ubao, akaufuta kwa mkono wa shati, akauliza kwa adabu, "Mzee, nimpe nani?"

Mgeni Rasmi akaisoma Kanuni ya Tisa harakaharaka. "Mwenye dhamana kamili ya gari hili ni nani?"

"Mkurugenzi, mheshimiwa," akajibu Sadalla, jasho likimtiririka. "Lakini hayupo. Niko mimi tu, Kaimu. Kaimu hana dhamana kamili."

"Hilo halina shida," alisema Mgeni Rasmi. Akaandika nyuma ya ratiba ya sherehe, akasaini, akampa mkono. "Hongera. Kuanzia sasa wewe ni Mkurugenzi kamili."

Mama Klara akapiga vigelegele. Ignasi akamvisha ubao.

Kesho yake Mkurugenzi alisimama chini ya Inama. Amri yake ya kwanza ilikuwa fundi rangi alifute neno Kaimu kwenye bango, na fundi alifuta vizuri kabisa. Saa nne likaja lori la magodoro, dereva kijana, anapiga mluzi. Sadalla akapunga kitambaa, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Simama! Haipiti! Barabara imepanda!"

Kijana akachungulia dirishani. "Mambo, mzee? Mbona imeandikwa mita nne? Na Mkurugenzi mwenyewe kasaini."

"Mkurugenzi ndiye mimi!"

Kijana akausoma ubao kifuani kwake, taratibu, neno kwa neno. Akamhurumia kwa kweli.

"Pole, mzee," akasema, akatia gia.