Kiti cha Kushoto

Jumamosi, 6 Juni

Chakula cha mchana kwa shemeji, kaka wa mke wangu, Mama Pacha. Anarusha ndege binafsi ya tajiri mmoja na hajawahi kumaliza sahani bila kutukumbusha. Leo ilikuwa zamu ya hoteli. Kitanda kipana mpaka alipoamka hakujua mlango uko upande gani. Mshahara karibu mara mbili ya wangu. Bosi akifurahi, bahasha juu. Halafu hakuna foleni ya vyeo: bosi akikupenda leo, kesho wewe ni kapteni.

Kwetu kwenye shirika ni foleni tupu. Aliyeajiriwa mbele ndiye anayepanda mbele. Ukihamia shirika jingine, unaanzia mkiani. Mimi ni rubani msaidizi, mtu wa kiti cha kulia, na baada ya miaka mingi ya kutazama sikio la kulia la makapteni, sasa niko wa kwanza kwenye foleni. Akistaafu mzee mmoja tu, kiti cha kushoto, kile cha kapteni, ni changu.

Nyuma yangu yuko Pasi. Tunamwita hivyo kwa sababu shati lake halijawahi kuonekana na mkunjo. Tuliajiriwa siku moja, na kwa walioajiriwa siku moja hutangulizwa aliye mkubwa. Nimemzidi wiki moja. Namshukuru mama kwa kutochelewa.

Shemeji alisema kwamba mimi nasubiri wazee wastaafu, yeye anasubiri bosi aamke. Wote wakacheka. Mama Pacha naye alicheka. Nilimwona.

Jumapili, 7 Juni

Nimekaa mezani na kulinganisha kazi zetu mbili kama mtu mwenye akili.

Shirika: ratiba ya mwezi mzima inatoka mapema, kwa hiyo najua kabisa siku gani nitakosa usingizi. Safari nne kwa siku, abiria mia na ushee, na mmoja wao lazima aulize kwa nini tumechelewa. Pensheni ipo. Tiketi za bure zipo, ila siti zikibaki, na hazibaki.

Ndege binafsi: hakuna ratiba. Simu ikilia, unakwenda. Bosi akiuza ndege, kazi imekwisha. Lakini fedha! Na lile zulia la ndegeni analolisifu shemeji.

Mama Pacha alisoma juu ya bega langu. Akasema nimesahau kuandika kwamba kaka yake hajawahi kufika hata kwenye mahafali moja ya mtoto wake. Nikamwambia hilo haliingii kwenye hesabu.

Jioni tulifanya mazoezi kama kawaida. Kwenye ukuta wa stoo nimebandika karatasi kubwa yenye picha ya chumba cha marubani, kila swichi mahali pake. Mbele yake, kigoda upande wa kushoto na ndoo iliyofunikwa upande wa kulia. Mimi kigodani, Mama Pacha kwenye ndoo anamenya viazi na kunisomea taratibu za kuwasha injini. Anazijua kwa kichwa sasa. Leo alinikumbusha pampu ya mafuta bila hata kuinua macho.

Nilipokuwa kwenye kigoda nikapata wazo. Wazo kubwa.

Jumatatu, 8 Juni

Nimempelekea Rubani Mkuu barua. Maneno machache, yenye uzito. Kwamba waendeshaji wa ndege binafsi wananihitaji sana. Kwamba nalipenda shirika, lakini mtu ana familia. Kwamba ningependa kujua mapema shirika lina mpango gani nami.

Hakuna anayenihitaji bado. Lakini atatokea. Shemeji amenipigia: mhudumu wao wa ndani ya ndege amekwenda kwenye harusi, na Jumatano wana safari. Leseni yangu si ya ndege ile, siwezi kushika usukani wake. Ila naweza kupanda kama mhudumu, nimpe bosi chai, anione, anipende, anisomeshe ndege yake. Likizo yangu inaanza Jumatano hiyohiyo. Mambo yamejipanga yenyewe!

Mama Pacha aliuliza kwa nini nisimsubiri tu mzee astaafu. Wanawake hawajui mazungumzo ya kibiashara.

Jumanne, 9 Juni

Rubani Mkuu ameniita. Barua yangu ilikuwa mezani kwake, chini ya kikombe.

Hakuonyesha hofu hata kidogo. Alisema mzee mmoja amestaafu kwa sababu ya mgongo, na kozi ya ukapteni inaanza Jumatatu. Jina langu ndilo lililokuwa limeandikwa. Lakini kumsomesha kapteni ni gharama, na shirika halimsomeshi mtu aliyekwisha kufunga begi. Basi nimjibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa: nabaki au nakwenda? Nisipojibu atajua nimekwenda.

Mtu dhaifu palepale angesema nabaki. Ulimi wangu ulikuwa tayari unaunda ile nabaki. Nikaimeza. Nikamtazama usoni na kusema nitafikiria. Kwa sababu barua imefanya kazi! Kama karatasi moja imemtetemesha hivi, je, nikirudi Ijumaa na kazi ya kweli mfukoni? Ataongeza na mshahara.

Mlangoni nilipishana na Pasi. Akanipongeza kwa dhati na kuniambia nimestahili. Mnafiki. Shati limenyooka utadhani limechorwa.

Jumatano, 10 Juni

Safari ilikuwa saa tatu asubuhi. Tuliondoka saa kumi jioni.

Sikujua kwamba kapteni wa ndege binafsi anafika mapema kulipitisha zulia mashine ya kufyonza vumbi. Shemeji alikuwa amepiga magoti chini ya viti anatafuta kitambaa cha bosi cha kufunika macho akilala. Mwenzake alikuwa anasugua choo. Nilipoingia na kizibao changu cha mhudumu, shemeji alikwepa macho yangu. Hoteli alitueleza kwa nusu saa. Choo hakukitaja.

Tulimngoja bosi kwenye jua, tumesimama, viatu vimeng'aa. Ikapigwa simu kwamba anaoga. Ikapigwa nyingine kwamba amelala kidogo. Mwishowe akaja na mizigo ya kutosha kuhamia, tukaibeba sisi.

Angani nilimpa chai na kumwambia kwa heshima kwamba kwa kweli mimi ni rubani. Akacheka kwa upole. Akasema wahudumu wake wote kwa kweli ni kitu kingine, na yule aliyekwenda harusini kwa kweli ni mwimbaji.

Hakuna neno. Ndiyo kwanza nimeanza.

Alhamisi, 11 Juni

Tungerudi leo. Hatukurudi. Bosi yuko kwenye nyumba yake ya mlimani na ameamua kupumzika. Sisi tuko nyumba ya wageni karibu na uwanja, mabegi yamefungwa, hatuoni hata mlima kwa sababu hatuthubutu kutoka. Akiita, lazima tuwe tumekwisha fika.

Shemeji amelala na viatu. Nilimuuliza kama siku zote ni hivi. Akasema mwanawe alifikisha umri wa kwenda shule wakati yeye anamngoja bosi amalize kucheza karata. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama kwenye shirika letu bado wanachukua watu wa umri wake. Hata mkiani.

Nilimwonea huruma. Maskini, hana msimamo. Mimi ninao.

Mama Pacha amepiga simu. Anasema nimpigie Rubani Mkuu sasa hivi, niseme nabaki, nikalale. Nimemwambia avute subira. Akasema wenye subira ni wale wanaokaa kwenye ndoo. Akakata.

Ijumaa, 12 Juni

Bosi aliamka na furaha. Saa tano unusu tulikuwa tunaingia ndegeni. Simu ilikuwa mkononi mwangu na namba ya Rubani Mkuu imefunguka. Neno moja tu lilihitajika. Lakini lipi? Bosi alikuwa bado hajasema chochote, na sikuona sababu ya kuuza turufu yangu nusu saa kabla ya kuishika. Nikapiga moyo konde, nikazima simu.

Kwenye mawingu nilimhudumia kama mfalme. Mto begani kabla hajauomba. Chai, sukari kijiko kimoja na nusu. Ndege ilipotikisika nilimweleza ni upepo wa aina gani na utakwisha lini, na ukakwisha. Akanitazama kwa muda mrefu. Akaniambia nikae.

Alisema hajawahi kupata mtu kama mimi. Alisema ninaielewa ndege, ninamwelewa abiria, na sina makuu. Anataka nibaki naye. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Akanipa mkono. Yule mwimbaji, akasema, hata chai hajui.

Kazi ya uhudumu. Ya kudumu, na vizibao viwili.

Alitaja na mshahara. Sitauandika hapa. Unaupita wangu kidogo.

Tulitua saa saba na kitu. Nilipiga simu huku nikikimbia, kizibao mwilini. Rubani Mkuu alisema saa sita ilipita, akachukulia ukimya wangu kuwa ndio jibu, na ananitakia heri kwenye ndege binafsi. Nikasema nabaki. Nabaki, nabaki! Akasema vizuri, amefurahi, kiti changu cha kulia kipo palepale. Mtu wa kiti cha kushoto ameshampata.

Sihitaji kuandika jina lake.

Jumamosi, 13 Juni

Mama Pacha hakusema nilikuambia. Kama angesema, ningepata pa kuanzia ugomvi. Alipika tu, akaniwekea chakula, akaketi karibu nami. Roho iliniuma kuliko ningepigwa.

Jumapili, 14 Juni

Pasi amekuja nyumbani. Shati kama kawaida.

Alikuja kuomba radhi, ingawa hajanikosea, jambo ambalo ndilo linalonichukiza kwake. Kisha akakohoa na kusema amesikia nina ile karatasi ya chumba cha marubani. Kozi inaanza kesho, naye yake iliharibiwa na mvua. Kabla sijasema ilikwisha chanika, Mama Pacha alishamfungulia mlango wa stoo.

Pasi alikaa kwenye kigoda changu. Akanyoosha mikono kwenye swichi zangu. Akasema tatizo ni kwamba upande wa kulia anahitaji mtu wa kumsomea taratibu. Nikamtazama Mama Pacha. Akasema ana nguo za kuanua.

Basi nikakaa kwenye ndoo.

Tulianza kuwasha injini. Nikamsomea, akajibu. Ni hodari, lazima niseme, ingawa hapa hakuna anayesoma. Alisahau pampu ya mafuta. Nilingoja. Nilingoja sana. Mwishowe nikamkumbusha, akanishukuru, na tukaendelea mpaka juu ya mawingu. Kifuniko cha ndoo kimebonyea katikati. Mama Pacha hakuwahi kulalamika.

Jumatatu, 15 Juni

Pasi ameanza kozi. Akimaliza, ratiba itatupanga pamoja, yeye kushoto, mimi kulia. Shemeji amepiga simu kuuliza fomu za kuomba kazi shirikani zinapatikana wapi. Bosi naye amenitumia kizibao nikijaribu kama kinanitosha.

Nimewaza mchana kutwa, na nimegundua kosa langu. Tena ni dogo! Rubani Mkuu hakutetemeka kwa sababu nilisema waendeshaji wa ndege binafsi, bila kutaja hata kampuni moja. Nani ataogopa kitu kisicho na jina?

Kesho namwandikia barua nyingine. Safari hii nitataja mbili.